Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na Fadhila ya Kung'atuka

Kila tarehe 14 Oktoba, sisi waamini wa Njombe na Makambako tunaungana na Watanzania wote kumkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia mwaka 1999. Makambako humkumbuka kwa reli ya TAZARA. Leo tutafakari jambo lingine: namna alivyoachia madaraka.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akabatizwa mwaka 1943. Alikuwa mwalimu katika shule za Kanisa, Tabora na Pugu, kabla ya kujitoa kwa kazi ya TANU. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 alikuwa Waziri Mkuu. Lakini Januari 1962 alijiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa nafasi hiyo, naye akaenda kukiimarisha chama. Mwishoni mwa mwaka huo akawa Rais.

Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna sheria iliyomwekea ukomo. Ndipo mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yakaweka vipindi viwili vya miaka mitano kwa kila Rais, na mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 63, akamkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi. Ni kweli kwamba uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi mwaka 1990. Hata hivyo Ikulu aliiacha kwa amani, na Kiswahili kikapata kwake neno kung'atuka.

Huko Marekani, George Washington aliondoka baada ya vipindi viwili, mwaka 1797, bila kulazimishwa na sheria. Desturi hiyo ilidumu mpaka Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara nne. Mwaka 1951 ukomo ukaandikwa katika Katiba yao. Desturi njema huhitaji ulinzi wa sheria, nayo sheria huhitaji dhamiri ya kuitii.

Tujiulize basi sisi wenyewe. Katika jumuiya, kigango, kwaya na vyama vya kitume, ni mara ngapi muda wetu umekwisha, nasi tungali tumeshika daftari na funguo? Yohane Mbatizaji alifurahi kupungua ili Kristo akue. Mungu atujalie kupokea utumishi kwa unyenyekevu, na kuukabidhi kwa furaha. Amina.