Maisha ya Nicolas Appert, Aliyehifadhi Chakula Katika Chupa

Kila mwaka msimu wa maembe ufikapo, mwanachama wa Mbagala au wa Chamazi huliona jambo lile lile. Mzigo wafika sokoni Tandika alfajiri, bei yaanguka kabla ya adhuhuri, na jioni yaliyosalia humwagwa. Nyanya na mananasi navyo havina nafuu. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba kiasi cha asilimia 14 ya chakula cha dunia hupotea baada ya kuvunwa, kabla hakijafika dukani. Basi si vibaya, katika kitabu hiki cha miaka kumi ya Chama chetu, kumkumbuka mtu aliyepigana na hasara hiyo nusu ya umri wake, ingawa hakuwa mkulima wala mtaalamu wa chuo.

Nicolas Appert alizaliwa tarehe 17 Novemba 1749 katika mji wa Châlons, Ufaransa. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na kijana akakulia baina ya jiko na ghala, akijifunza kupika, kutengeneza pombe, na kutia mboga katika siki na chumvi. Baadaye alitumikia jikoni mwa mtawala mmoja wa Kijerumani, kisha akafungua duka la halua na peremende mjini Paris. Mapinduzi ya mwaka 1789 yalipozuka aliyaunga mkono. Walakini mwaka 1794 mapinduzi hayo hayo yakamtia gerezani kwa miezi michache.

Alipotoka, alilishika jambo moja na hakuliacha tena. Watu wa zama zake walijua kukausha, kutia chumvi, kufukiza moshi na kuchemsha katika sukari. Wazee wetu wa pwani nao waliyajua hayo, na bado twala makopa ya muhogo, ng'onda na achari ya embe. Lakini kila njia hubadili ladha. Appert alitaka njegere za msimu wa mavuno ziliwe miezi mingi baadaye kana kwamba zimechumwa jana.

Alitia chakula katika chupa nene za kioo, akazifunga barabara kwa vizibo, akavikaza vizibo kwa waya, akaivika kila chupa mfuko wa turubai, kisha akazipanga chupa katika sufuria kubwa la maji na kuyachemsha. Muda ulitegemea kilichomo. Matunda yalihitaji dakika chache, nyama muda mrefu zaidi. Chupa zilipasuka, vizibo viliruka, naye akaanza tena. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa alianzisha karakana huko Massy, karibu na Paris, penye mashamba yake mwenyewe ya mboga, hata mavuno yakaingia chupani siku ile ile. Mkulima aliyewahi kungoja lori siku mbili na nyanya zake ataifahamu faida ya jambo hilo. Mwaka 1803 jeshi la wanamaji lilizijaribu chupa zake katika bandari ya Brest, na chakula kikaonekana kizima.

Hapo ndipo alipofikia njia panda. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilikubali kumpa faranga 12,000, kwa sharti kwamba aiandike siri yake yote na kuichapisha kwa gharama yake. Angeweza kukataa, akajichukulia hataza, akawauzia wengine haki ya kuitumia njia yake. Aliichagua tuzo, na mwaka huo huo kitabu kikatoka, kikieleza kila chakula na muda wake. Kabla ya mwaka kwisha, Peter Durand alikuwa amekwisha kuandikisha hataza ya njia kama hiyo London, akitaja na makopo ya bati. Kiwanda cha makopo kikainuka Uingereza, na faida ikaenda huko. Mimi siwezi kumwita Appert mjinga kwa hilo. Ila alikuwa peke yake, hana chama nyuma yake.

Yeye mwenyewe hakujua kwa nini njia yake ilifaulu. Alidhani ubaya u katika hewa. Louis Pasteur ndiye aliyebainisha katika miaka ya 1860 kwamba waozeshao ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Leo twajua zaidi: maji yachemkayo hutosha kwa vitu vyenye uchachu, kama maembe mabichi na mananasi, na nyanya zilizotiwa ndimu, bali nyama, samaki na maharage huhitaji mtungi wa mvuke wenye kani, wenye joto lipitalo lile la maji yachemkayo, kwani kuna vijidudu vinavyostahimili mchemko huo na kutoa sumu ya kuua. Mwanachama asijaribu kufunga samaki chupani kwa sufuria la nyumbani.

Majeshi yaliyoivamia Ufaransa mwaka 1814 yaliiharibu karakana ya Massy. Appert, mwenye umri wa miaka zaidi ya sitini, alianza upya Paris, sasa kwa makopo. Mwaka 1822 alipewa jina la heshima la mfadhili wa wanadamu, lakini jina halikumlipia madeni. Alifariki Massy tarehe 1 Juni 1841, akiwa na miaka 91, akazikwa katika kaburi la maskini.