Mwana Kupona binti Mshamu: Mzazi Mgonjwa na Wosia Wake

Mwana Kupona alizaliwa kisiwani Pate, katika eneo la Lamu, mnamo 1810 hivi. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyesifika kwa kupinga utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwana Kupona akabaki mjane mwenye watoto wawili, binti na mvulana. Mwaka 1858, akiwa amelemewa na maradhi, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa wosia kwa lahaja ya Kiamu. Alifariki miaka michache baadaye.

Utenzi huo una beti zaidi ya mia moja. Wanafunzi wengi huusoma kama orodha ya wajibu wa mke: kumtii mume, kumhudumia na kulinda heshima ya nyumba. Maudhui hayo yamo, lakini anayeishia hapo huwa hajamwona nafsineni. Anayezungumza ni mama anayejua kwamba siku zake zinahesabika, na bintiye bado ni msichana mdogo. Kila agizo linatokana na swali lisilotamkwa: nikiondoka, nani atamwongoza mwanangu?

Tazama jinsi hisia hizo zinavyojengwa kwa taswira. Mwanzoni, mama anamwita binti asogee karibu, aje na wino na karatasi. Msomaji anauona udhaifu wa mgonjwa na ukaribu wa wawili hao bila kuambiwa moja kwa moja. Kisha anaahidi kumpa hirizi, na kumtungia kidani cha lulu na marijani amvike shingoni. Hirizi na kidani ni sitiari za wosia wenyewe. Hirizi hulinda, kidani hupamba. Mama hataweza kumlinda bintiye kwa mikono yake, hivyo anamwachia maneno yakae mahali pake.

Anapomkumbuka marehemu mumewe, toni ni ya upole na shukrani. Anasimulia kwamba waliishi bila ugomvi na kwamba mume alipofikiwa na mauti alimwachia radhi. Kwa hiyo mawaidha yake kuhusu ndoa yanatoka kwa mjane anayekumbuka aliyempenda. Mwishoni toni inageuka kuwa ya unyenyekevu: anamwomba Mungu amponye na awatunze watoto wake. Hofu na tumaini vinakaa pamoja.

Unaweza kutokubaliana na baadhi ya mafunzo yake kuhusu nafasi ya mwanamke. Hilo linaruhusiwa, mradi utoe hoja na uzingatie wakati na jamii yake. Usiache, hata hivyo, kutambua mapenzi yaliyomsukuma kutunga.

Zingatia: Ukiulizwa kuhusu hisia katika shairi la mzazi mzee au mgonjwa, usitaje huzuni peke yake. Taja hisia, onyesha taswira inayoibeba, kisha eleza taswira hiyo inamfanya msomaji aone au ahisi nini. Hisia iliyotajwa bila ithibati kutoka shairini haikamilishi jibu.

Zoezi
1. Eleza jinsi hirizi na kidani vinavyodhihirisha hofu na mapenzi ya nafsineni. (alama 4)
2. Toni ya utenzi huu inabadilikaje kutoka mwanzo hadi mwisho? (alama 3)