Rabindranath Tagore na Skuli ya Chini ya Miti

Wengi wetu twalijua jina la Rabindranath Tagore kuwa ni la mshairi wa Bangali aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1913, mtu wa kwanza wa Asia kuipata. Leo hatukukusudia kueleza mashairi yake. Twataka kueleza skuli yake, kwani huko ndiko ilikokwenda mali yake.

Alizaliwa Calcutta tarehe 7 Mei 1861, katika nyumba ya watu wenye nafasi. Alitiwa skuli moja baada ya nyingine, na zote akazichukia: kukaa kitako baina ya kuta nne na kukariri asiyoyafahamu. Mwaka 1878 alipelekwa Uingereza kusoma; akarejea mwaka 1880 bila ya shahada.

Tarehe 22 Disemba 1901, naye ana umri wa miaka 40, alifungua skuli yake mwenyewe Santiniketan, karibu na Bolpur, katika ardhi aliyoipata baba yake mwaka 1863. Wanafunzi walikuwa watano tu, mmoja wao mwanawe. Walisomeshwa nje, chini ya miti, kwa Kibangali, lugha ya mama zao. Kwani aliona kuwa mtoto afunzwaye kila kitu kwa lugha ya kigeni humaliza nguvu zake katika maneno, asiifikilie maana. Kuimba, kuchora na kuigiza kulihisabiwa ni masomo, si mchezo wa kupitishia wakati. Na hapo mwanzo hapakuwa na ada.

Basi fedha zilitoka wapi? Mkewe, Mrinalini Devi, aliuza takriban mapambo yake yote ya dhahabu, naye mume akauza nyumba yake ya Puri. (Sisi tuliozoea kuchangisha kwa watu kabla ya kutia mkono mifukoni mwetu, na tulitazame jambo hili.) Skuli haijatimiza mwaka, Mrinalini akafariki, Novemba 1902. Mwaka 1903 akafa binti yake Renuka. Mwaka 1905 baba yake. Mwaka 1907 mwanawe mdogo, Samindranath. Skuli haikufungwa.

Fedha za tuzo nazo zikaingia humo humo. Mwaka 1921 aliongeza chuo kikuu, Visva-Bharati, akataka ilimu za mataifa yote zikutane hapo. Nizam wa Hyderabad alitoa rupia laki moja kwa masomo ya Kiislamu, na mwaka 1929 akaja kuyasomesha mwanachuoni wa Hungaria, Gyula Germanus, ambaye alisilimu alipokuwa huko India.

Lakini tusiseme kuwa alipata yote aliyoyataka. Wazazi walidai vyeti, na watoto wakaingizwa katika mitihani ya Chuo Kikuu cha Calcutta kama wenzao wa kwengine. Na wengi wao walikuwa watoto wa watu wa mjini wenye uwezo. Hilo lilimuuma. Kwa hiyo mwaka 1924 alianzisha Siksha-Satra, skuli ya watoto mafukara wa vijijini, wasome na papo hapo wajifunze kilimo na kazi za mikono. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na nia yake, ingawa yatajwa kidogo.

Mwaka 1936, mzee wa karibu miaka 75, alikuwa angali akizunguka miji ya India na wanafunzi wake wakionyesha michezo ili kuichumia skuli, hata Gandhi akamwona na kumpatia rupia 60,000 apumzike. Alifariki Calcutta tarehe 7 Agosti 1941. Miaka kumi baadaye, mwaka 1951, serikali ya India ilikichukua chuo chake na mzigo wake.