Abigail Adams, Binti wa Mchungaji Asiyepelekwa Shule

Wengi hujua habari za wakubwa tangu siku walipopata cheo, lakini habari za nyumba waliyolelewa hawazijui. Basi leo twaeleza habari za utoto wa Abigail Adams, mkewe John Adams, rais wa pili wa Marekani, na mamaye John Quincy Adams, rais wa sita.

Abigail alizaliwa mwezi wa Novemba, mwaka 1744, katika mji mdogo wa Weymouth, kusini ya Boston. Zamani zile nchi ya Massachusetts ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Babaye, William Smith, alikuwa mchungaji wa Weymouth tangu mwaka 1734. Usharika wake haukuwa wa Kilutheri, bali wa Kanisa lile ambalo kila usharika hujitawala wenyewe. Tena alikuwa mkulima, na mtu apendaye vitabu sana. Mamaye, Elizabeth, alikuwa wa ukoo wa Quincy, ukoo wenye heshima kubwa. Babaye huyo mama, John Quincy, alikuwa spika wa baraza la nchi. Watoto wa mchungaji walikuwa wanne: Mary, Abigail, William na Elizabeth.

Siku zile chuo kikuu cha Harvard kilipokea wavulana tu. Msichana alionekana amefundishwa vya kutosha akijua kusoma, kuandika, kuhesabu kidogo na kazi za nyumbani. Abigail hata hayo hakuyapata shuleni, maana alikuwa mtoto mwenye kuugua mara kwa mara. Hakupelekwa shule yo yote. Lakini alikaa siku nyingi kwa bibi yake, mkewe John Quincy, na bibi huyo akamfundisha kwa uchangamfu na upole, hata mafundisho yake hayakusahauliwa. Tena babaye hakuwazuia binti zake vitabu vyake. Halafu akaja Richard Cranch, mzaliwa wa Uingereza, aliyemwoa Mary baadaye. Naye akawaonyesha hao ndugu vitabu vizuri vya waandishi wa Kiingereza. Hivyo Abigail akajipatia elimu kwa kusoma na kwa kuwaandikia rafiki zake barua.

Hata hivyo jeraha lilibaki. Maisha yake yote aliona haya kwa sababu ya mwandiko wake na makosa ya tahajia, akasikitika kwamba wasichana hunyimwa elimu.

Tena lilikuwako neno jingine katika nyumba ile. Mchungaji Smith, aliyehubiri Neno la Mungu kila Jumapili, alikuwa na watumwa, mmoja wao mwanamke jina lake Phoebe. Wachungaji wengine wa nchi ile walifanya vivyo hivyo. Basi Abigail alikua akihudumiwa na mtu asiye huru. Jambo hilo angaliweza kulizoea, kama wengi walivyolizoea, lakini hakulikubali.

Mwaka 1764 akaolewa na John Adams, mwanasheria, mwana wa mkulima wa Braintree. Mumewe akasafiri miaka mingi kwa kazi za nchi, na barua walizoandikiana zapita 1,100. Katika barua moja ya mwaka 1774 Abigail alimwambia mumewe kwamba atamani asiwepo mtumwa hata mmoja katika nchi yao, maana ni uovu kujipigania uhuru huku wakiwanyang'anya wengine uhuru ule ule. Mwaka 1776 akamwomba awakumbuke wanawake katika sheria mpya zitakazotungwa. Mchungaji Smith alipofariki mwaka 1783, Phoebe akapata uhuru wake.

Mwaka 1797, karibu na siku mumewe alipoingia katika urais, Abigail alikuwa na mtumishi kijana mweusi, jina lake James. Akamfundisha kusoma yeye mwenyewe, kisha James alipotamani shule ya jioni, akampeleka. Jirani mmoja akaja kumwambia kwamba wanafunzi wengine watatoka shuleni kijana huyo asipoondolewa. Abigail akajibu kwamba James ni mtu huru sawasawa na vijana wale, na rangi ya uso si sababu ya kumnyima mtu mafundisho. Na wenye kunung'unika waje kwake. James akaendelea kusoma.

Abigail alifariki tarehe 28 Oktoba 1818. Katika nyumba ya babaye alipata vitabu, na humo humo aliuona utumwa. Kimoja akakishika, cha pili akakikataa. Yeye aliyekosa shule hakukubali mwingine afungiwe mlango wake. Na sisi tulio wazazi na walimu, watoto wetu hutazama yote tutendayo nyumbani, si yale tu tunayowafundisha.