Yohane Bosco na Fimbo ya Pembeni

Katika nchi ya Italia, upande wa kaskazini, kuna kilima kiitwacho Becchi, karibu na mji mdogo wa Castelnuovo. Hapo alizaliwa Yohane Bosco, tarehe 16 Agosti 1815. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, watu wa jembe, kama walivyo wengi katika milima ya Fizi. Yohane alikuwa hajatimiza miaka miwili baba yake alipokufa kwa ugonjwa wa mapafu. Mama yake, Margherita, akabaki mjane mwenye watoto watatu wa kiume, mmoja wao mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu, pamoja na mama mkwe mzee. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Naye Margherita hakujua kusoma wala kuandika.

Mama huyo asiyejua kusoma ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa Yohane. Pembeni mwa jiko lake ilisimama fimbo nyembamba. Watoto wote watatu waliijua kazi yake, lakini mama aliiacha palepale pembeni. Siku moja Margherita alikwenda sokoni. Yohane, mtoto wa miaka kama minane, alitaka kitu kilichowekwa juu. Akapanda kiti, akanyosha mkono, akauangusha mtungi wa mafuta. Mtungi ukavunjika na mafuta yakamwagika yote. Mwenye nyumba wa Baraka aliyewahi kumwaga mawese yake ya mwezi mzima atafahamu hasara hiyo ilivyokuwa kwa mjane.

Mtoto alijaribu kuyazoa, akashindwa. Ndipo akaenda kwenye ua wa miti, akakata ufito, akaumenya ganda, akauchora kwa kisu nakshi nzuri. Alipomwona mama yake anarudi, alikimbia kumlaki njiani, akamweleza yote bila kuficha neno, akamkabidhi fimbo ya kupigwa nayo. Margherita aliitazama fimbo, akamtazama mtoto, akacheka. Hakumpiga.

Huenda mtu akanung'unika kwamba mama huyo alimdekeza mwanawe. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kujihukumu mwenyewe. Kama angepigwa siku ile, angejifunza jambo moja tu, yaani mara ya pili afukie vigae kabla mama hajafika.

Yohane mwenyewe hakuwa mpole kwa asili yake. Alipokuwa na miaka tisa aliota ndoto ambayo hakuisahau hata uzeeni. Aliona kundi la watoto wakicheza, na wengine wakitukana. Akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Mtu mmoja mwenye heshima akamzuia, akamfundisha kwamba hao atawapata kwa upole na upendo, si kwa mapigo. Tangu siku ile aliwakusanya watoto wa jirani, akawaonyesha michezo aliyoitazama kwa wachezaji wa sokoni: kutembea juu ya kamba, kutembea kwa mikono. Lakini kabla ya mchezo wa mwisho, ule mzuri kupita yote, wote walisali Rozari kwanza. Asiyesali hakuutazama. Mtoto wa kijijini aligundua hivyo kwamba jambo zuri likifuata kazi ngumu, kazi ile hutafutwa tena siku ya pili.

Akasoma kwa shida nyingi, akipata mahali pa kulala kwa kutumikia katika nyumba za watu na kushona nguo. Alipewa upadri tarehe 5 Juni 1841 katika mji mkubwa wa Torino.

Mji huo ulikuwa umejaa vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi ya kujenga nyumba na kubeba mizigo. Hawakuwa na baba, wala mwalimu, wala kitanda. Padri Bosco aliingia katika magereza ya mji, akawakuta humo vijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane, wenye afya na akili, wakiliwa na chawa. Jambo lililomwumiza zaidi ni hili: wengi walikuwa wamekwisha kufungwa mara moja, wakaachiliwa, wakarudi tena. Adhabu waliipata, tena kali. Lakini walipotoka hawakumkuta mtu wa kuwapokea, wala kazi ya kushika.

Tarehe 8 Desemba mwaka uleule, Padri Bosco alikuwa akijivika mavazi ya Misa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kijana mmoja alisimama pembeni, akitazama tu. Mtunza sakristia alimwamuru atumikie Misa. Kijana hakujua. Basi mtunza sakristia akashika mpini wa ufagio wa manyoya, akampiga kichwani na mabegani, kijana akakimbia. Padri aliusikia ugomvi, akaagiza kijana yule arudishwe upesi, kwa kuwa ni rafiki yake. Wala hakuwa amemjua hata kidogo.

Akarudi akitetemeka. Jina lake Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka kumi na sita, mjenzi, asiyejua kusoma wala kuandika. Haya yote Padri aliyapata kwa kumwuliza pole pole baada ya Misa. Alimwuliza pia kama ajua kupiga mluzi, na hapo kijana akacheka kwa mara ya kwanza. Wakasali pamoja Salamu Maria moja, wakaanza mafundisho, kwanza kufanya ishara ya msalaba. Jumapili iliyofuata Garelli alirudi pamoja na wenzake. Fimbo ilimfukuza mwanafunzi mmoja. Neno moja jema liliwaleta kadhaa.

Mwaka 1846, baada ya kufukuzwa huku na huku na majirani waliochoshwa na kelele za vijana, Padri Bosco alipata kibanda huko Valdocco. Mama yake aliiacha nyumba ya Becchi akaja kuwapikia na kuwafulia watoto wa watu wengine, mpaka alipokufa mwaka 1856. Karakana zikaanzishwa moja baada ya moja: washona viatu, washona nguo, maseremala, wapiga chapa. Na vijana waliopelekwa kujifunza kwa mafundi wa mjini, Padri aliwaandikia mapatano na bwana zao. Katika mapatano ya mwaka 1852 na seremala mmoja iliandikwa kwamba fundi atamwonya mwanafunzi wake kwa maneno, si kwa kumpiga. Siku zile fundi aliyempiga mwanafunzi kwa nyundo hakushangaza mtu.

Mwaka 1877 aliandika kitabu kidogo juu ya njia yake ya kulea. Alisema ziko njia mbili. Ya kwanza ni kutangaza sheria, kisha kuvizia mwenye kosa na kumwadhibu. Njia hii ni nyepesi kwa mkubwa, nayo yaweza kufaa kwa askari. Lakini mtoto husahau sheria upesi, wala hasahau aibu. Ya pili ni kukaa katikati ya watoto, kucheza nao, kuwaonya kabla hawajaanguka, na kuwapa sababu ya kila agizo. Nguzo zake ni tatu: akili, dini na upendo. Wala upendo huo hautoshi kuwa moyoni. Yapasa mtoto auone.

Je, hakuadhibu kabisa? Aliadhibu. Kwake sifa kwa kazi iliyofanywa vizuri ni tuzo tosha, na mtoto ampendaye mlezi wake huona jicho lililokosa furaha kuwa adhabu kubwa. Alikataza kupiga, kuvuta masikio, kupigisha magoti kwa maumivu, na kumtahayarisha mtoto mbele ya wenzake.

Baada yake wataalamu walichunguza jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alifungia paka katika masanduku yenye komeo, na chakula nje. Paka alikwaruza ovyo mpaka akagusa komeo, akatoka, akala. Akirudishwa tena na tena, alifungua upesi zaidi. Kwanza Thorndike alidhani adhabu hufuta kosa kama vile tuzo lijengavyo desturi njema. Mwaka 1932 alikiri, baada ya kuwapima watu wengi, kwamba sivyo: kuambiwa umekosea hakufuti sana kosa. Mwenzake Skinner naye aliona kwamba adhabu huzuia tendo kwa muda tu. Paka, bila shaka, hajui kama mtu ampa chakula kwa upendo au kwa majaribio. Mtoto ajua.

Kazi ya Padri Bosco haikukosa majonzi. Mwaka 1884, akiwa Roma, aliwaandikia walezi wa Valdocco barua ya huzuni. Vijana walikuwa baridi, walezi walisimama mbali wakilinda sheria, na michezoni hawakuonekana tena. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa inarudi pole pole kwenye njia ile ya kwanza, akawasihi waiache.

Katika miaka hiyohiyo, tangu 1883, Mapadri Weupe walikuwa Kibanga, pwani ya Ziwa Tanganyika katika nchi ya Fizi, wakiwalea watoto waliokombolewa utumwani, watoto ambao migongo yao ilikwisha kujua kiboko cha wafanya biashara ya watu.

Yohane Bosco alikufa Torino tarehe 31 Januari 1888, akiwa na miaka sabini na miwili. Baba Mtakatifu Pio XI alimtangaza kuwa mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Wakati huo wana wake Wasalesiani walikuwa Kongo zaidi ya miaka ishirini: walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, wakafungua shule, na baadaye karakana za ufundi kama zile za Valdocco.