Jacob Wainwright

Jacob Wainwright (alifariki Urambo, leo katika Mkoa wa Tabora, 1892) alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa bado mtoto. Anajulikana hasa kwa kusindikiza maiti ya mpelelezi David Livingstone hadi Uingereza.

Malezi

Wanamaji wa Uingereza walipokamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, watoto wengi hawakurudishwa makwao. Wainwright alipelekwa katika kituo cha Church Missionary Society karibu na Nashik, Uhindi, ambapo watoto kama yeye walifundishwa dini, kusoma, kuandika na ufundi.

Safari

Mwaka 1872 yeye na vijana wengine wa Nashik walitumwa Tabora kumsaidia Livingstone. Huyo alipofariki mwaka 1873 katika Zambia ya leo, Wainwright alisoma sala za maziko ya moyo wake na kuchonga maandishi kwenye mti. Wapagazi waliibeba maiti kupitia Tabora hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kati yao ni Wainwright tu aliyehudhuria mazishi kwenye kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874.

Baadaye

Alirudi Afrika akafanya kazi na wamisionari, wakiwemo wale wa Urambo.

Maisha yake yanaonyesha pande mbili za malezi ya Nashik. Yalimwezesha kuandika shajara ya safari hiyo, ushahidi adimu kutoka kwa Mwafrika aliyekuwepo. Lakini hayakumrudisha kwa ndugu zake: alifia Unyamwezi, mbali na Uyao.