Robert Wadlow: Jitu la Mita 2.72 Lililomalizwa na Lengelenge

Kama umelelewa Kilelengwani, stori za Fumo Liongo umezishiba. Jitu la Pwani, shujaa na malenga, na wazee bado watakuonyesha alikozikwa, huko chini upande wa Ozi na Kipini. Silaha hazikumfanya kitu, mpaka msee wa damu yake akamdunga kitovuni na sindano ya shaba. Kitu kidogo kikaangusha mtu mkubwa.

Sawa, hiyo ni hadithi ya kale. Leo nakuletea jitu lenye picha na vipimo vya daktari. Cheki vile aliisha, utashangaa.

Robert Wadlow alizaliwa Februari 22, 1918, Alton, Illinois, huko Marekani. Alikuwa mtoi wa kawaida, kilo 4 hivi. Kisha mambo yakachacha. Akiwa na miaka 5 alikuwa mita 1.63. Kufika 8, ameshampita buda yake.

Shida ilikuwa tezi ya pituitari. Hiyo ni kitu saizi ya njegere, iko chini ya ubongo, nyuma ya pua. Yake ilikuwa imefura, ikimwaga homoni ya ukuaji bila breki. Siku hizi wengi wenye shida kama hiyo hupatikana na uvimbe hapo kwa tezi.

Utauliza, kwani madaktari walikuwa wapi? Walikuwepo, na upasuaji wa pituitari ulishaanza kabla hata hajazaliwa. Lakini skani za leo hazikuwepo, penisilini ilikuwa haijaanza kutibu watu, na mishipa ya macho imepita pale pale. Kufungua kichwa ilikuwa kamari. Robert hakupasuliwa, akaendelea kukua hadi siku zake za mwisho.

Na usidhani alijifungia kwa nyumba. Alimaliza shule, akaanza chuo akitaka kuwa wakili. Kampuni ya viatu ikampa njumu za bure, akazunguka Marekani na buda yake akiitangaza. Watu walimpenda kwa upole wake.

Lakini mwili ulidai deni. Miguu ilipungua hisia, ikabidi avae vyuma ndio aweze kutembea. Julai 4, 1940, akiwa kwa sherehe Manistee, Michigan, chuma kimoja kikamkwaruza kifundo cha mguu. Likatoka lengelenge. Kwa sababu hakuwa akihisi vizuri, likaingia vijidudu, homa ikapanda. Akaongezewa damu, akapasuliwa, wapi. Julai 15 akafariki usingizini. Miaka 22 tu, manze.

Umeiona hiyo? Kilichommaliza ni kifaa cha kumsaidia, na kidonda ambacho ungekipuuza.

Leo madaktari hupitia puani kutoa uvimbe, hata Nairobi, na wengi hutoka fiti. Lakini bado si mchezo. Ukiona maji meupe yanachuruzika puani baada ya upasuaji, hiyo huenda si mafua, ni maji ya ubongo yanavuja, na vijidudu vinaweza kupanda nayo. Ukikojoa kila saa na kiu haiishi, tezi imeyumba. Macho yakififia, au kichwa kiume na shingo ikakaza, usingoje asubuhi. Tezi ikilegea unaweza kupewa vidonge vya homoni vya kila siku. Ukiviacha ghafla, presha inaweza kushuka hadi uzimie, hata ufe. Ukichomwa miale, tezi inaweza kuchoka miaka baadaye, kwa hivyo kliniki haiishi.

Sasa fikiria umeruhusiwa kwenda home, na home ni Kilelengwani. Mvua imenyesha, Tana imefurika, barabara ya Garsen ni matope. Kabla utoke wodini, uliza dalili gani ni za kukimbia nazo, na ni hospitali gani ya karibu inaweza kukushika. Andika, mpe msee wa nyumbani.

Robert alizikwa kwao Alton, kwa jeneza la zaidi ya mita 3. Lengelenge lenyewe lilianza dogo tu.